Mpeleke mtoto mlimani kabla hajajua kusingizia uchovu

Dada mmoja wa Leipzig ameziona picha zetu za Pfaffenstein, akaniandikia: "Mwenzangu, hao watoto walitembea kweli au uliwabeba?" Walitembea. Kitindamimba ana miaka mitano na alifika juu kabla yangu. Najivunia, wala sijifichi.

Kwa asiyepajua, Pfaffenstein ni mlima wa kilele bapa huko Saxony, mashariki mwa Ujerumani, mita 434 tu. Kutoka Dresden unapanda treni ya S1 inayofuata mto Elbe mpaka Königstein. Toka hapo hadi kijiji cha Pfaffendorf ni kupanda tu, sina la kusimulia. Raha inaanza ukikipita kijiji. Mwezi wa Mei nyasi ni mbichi, maua ya manjano yametapakaa, na mwamba umejitokeza juu ya miti. Hapo niliwaachia. Wakakimbia, wakarudi, wakaokota vijiti na kugombania kipi cha nani. Usimharakishe mtoto kwenye nyasi, hata mkimaliza saa nzima.

Kwenye mwamba kuna njia nyepesi, na kuna ile ya Nadelöhr inayopenya kwenye nyufa kwa ngazi. Tulishika ya Nadelöhr. Mtoto akiona ngazi, miguu haiumi tena; wangu ndio walionihimiza mimi. Huko juu utaiona Barbarine, nguzo ya mwamba yenye mita 43. Wenyeji husimulia kwamba ni binti aliyetumwa kanisani, yeye akaenda kuchuma matunda, mama yake akamlaani akageuka jiwe. Mkubwa wangu akaniuliza, "Mama, wewe ungenilaani?" Nikamwambia inategemea ni matunda gani. Kuipanda ni marufuku tangu 1975, maana inamomonyoka: mwamba wote huo ni mchanga wa bahari ya enzi za dinosauria, ulioshikana.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Niliwaalika wenzetu, watu tunaokula nao kila sikukuu. Jibu kwenye grupu: "Sisi tulishatembea sana kwenda kisimani, kutembea bure tumewaachia Wazungu." Vikaragosi vya kucheka vikafuata, vingi. Picha zilipotoka, walewale wakauliza mbona hawakuambiwa!

Wazazi wenzangu, watoto wetu wanakulia huku. Misitu hii ni yao, na milima hii ni yao. Tukiwafungia ndani na simu kila Jumamosi, kisha tukalalamika kwamba ni wavivu, nani kawafundisha uvivu? Usisubiri kundi likubali. Nenda na wanao.

Beba chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi, na koti la mvua hata jua likiwaka. Na tena, usiwaharakishe. Kule juu kuna kingo zisizo na uzio, kwa hiyo wadogo washikwe mkono, hakuna mjadala. Jioni wakague kupe: nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio na kichwani. Mimi huwasuka wasichana mistari siku moja kabla, ngozi ya kichwa inaonekana vizuri.

Kabla Juni haijaisha tunakwenda Lilienstein, ng'ambo ya Elbe. Safari hiyo siitangazi kwenye grupu.