Tembo Hachezi Ngoma: Maswali Yenu ya Wanyama

Nimetumiwa video ya tembo kizimbani anayumba huku na huku, kichwa kinafuata matari. Si amependa? (Msomaji, Langoni)

Swali hili nimelijibu mara nne tangu Ramadhani. Zima sauti utazame tena: bado anayumba. Kaavan wa bustani ya wanyama ya Islamabad aliyumba hivyo miaka na miaka. Mwenzake alikufa 2012, akabaki na ukuta. Novemba 2020 ndipo alipopandishwa ndege kwenda Kambodia, kwa tembo wenziwe. Mnyama hafurahi, amekosa la kufanya. Video hizo msinitumie tena.

Kasuku wangu ajinyonyoa manyoya kifuani. Nimpake mafuta ya nazi?

Usimpake kitu, bibi. Kwanza daktari wa mifugo atazame ngozi. Akikutwa mzima, basi tazama tundu. Juzi niliitwa nyumba moja Mkomani: tundu limetundikwa dakani, kijiti kimoja, kikombe cha alizeti, alfajiri hadi isha. Hatua tatu kulia, shingo inageuka, hatua tatu kushoto. Pale anapogeukia kijiti kimelika hadi kinang'aa. Mwenyewe aniambia, "Kasuku wangu mtulivu sana." Ndege huyu kwao ni misitu ya Kongo, huruka kwa makundi, na siku humwishia akitafuta chakula. Mfichie njugu ndani ya maganda ya mahindi, mpe matawi ya mpera atafune, mtoe, zungumza naye. Na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, unacho? Aliyekuuzia gatini bila karatasi alijua afanyalo.

Nikimpa tundu kubwa ataacha?

Atapunguza, huenda. Mazoea yakishaingia hayatoki kwa upana wa chumba. Gus, dubu mweupe wa New York, 1994 alikuwa akiogelea mzunguko ule ule wa umbo la nane saa kwa saa. Wakaanza kumfichia chakula ndani ya barafu, apate cha kuhangaikia. Mzunguko ukapungua, haukwisha.

Punda wangu akifungwa atikisa kichwa kutwa.

Mfungue. Kisha mpeleke kliniki ya punda, huenda ni sikio.

Yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa hapa Malindi baada ya tsunami ya 2004, Owen, alimpenda kweli kobe Mzee kule Mombasa? (Msomaji, Shella)

Alikuwa mtoto asiye na mama. Kobe alikuwa mkubwa, wa mviringo, na alikuwepo.