Baghala Kilimanjaro? Hapana

Mangi, unauliza kwa nini Kilimanjaro tusibebeshe baghala mizigo kama wanavyofanya Moroko kwenye mlima Toubkal. Toubkal ni mita 4,167 tu, na hata huko mnyama huishia kwenye kambi ya kulala, karibu mita 3,200. Kileleni mnapanda kwa miguu yenu. Sisi njia ya Machame ina ukuta wa Barranco, unashika mawe kwa mikono. Baghala atapitaje? Halafu kambi ya Barafu haina maji, wagumu, yaani wapagazi, huyabeba toka bonde la Karanga, sasa uongeze na ya kumnywesha mnyama! Kwa Marangu labda ningekuelewa, njia ni pana. Ila mgumu anayesomesha watoto kwa hizo kilo 20 anazobeba utampeleka wapi?