Homa 39 halafu unatetemeka baridi? Maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii karibu wote mmeuliza kitu kilekile bila kujijua: mwili unavyojiweka sawa ndani kwa ndani. Twende.

Mwalimu, mwanangu ana malaria, kipimajoto kinasoma 39 ila analia baridi, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikamfunika mablanketi, mama mkwe akayatoa. Nani yuko sahihi? (Mama, Morogoro)

Pole dada, mama mkwe kakushinda hapo. Iko hivi, chini ya ubongo kuna kisehemu kidogo kinaitwa haipothalamasi, kazi yake mojawapo ni kushikilia joto la mwili karibu na 37, kama kile kidude cha kuzungusha namba ndani ya friji. Sasa vimelea vikipasua chembe nyekundu za damu, kinga ya mwili inamwaga kemikali zake, zinafika pale juu na namba inapandishwa, tuseme 40. Mtoto yuko 39, mwili unapiga hesabu unaona umepungukiwa joto, basi unafanya vilevile ambavyo ungefanya kwenye baridi ya kweli: mishipa ya ngozi inajibana, ndo maana mikono na miguu inakuwa ya baridi, na misuli inatetemeka ili itengeneze joto. Yani baridi anaisikia kweli, hadeki. Ukimpa Panadol namba inarudi chini, mwili unajikuta una joto la ziada, ndo hapo jasho linamwagika shuka zima. Kwahiyo mfunike khanga moja inatosha, blanketi linazuia joto kutoka, na maji ya baridi usimmwagie maana atatetemeka zaidi. Dozi ya malaria amalize, na akipata degedege au akawa analala tu hanywi kitu, hapo ni hospitali saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi.

Kwanini joto la Dar linanimaliza kuliko la Dodoma wakati nyuzi ni zilezile?

Kutoka jasho peke yake hakupoozi mtu, kinachopooza ni jasho kukauka, linaondoka na joto la ngozi. Dodoma hewa kavu, linakauka hata hujaliona. Dar hewa imeshajaa unyevu wa bahari, jasho linachuruzika tu mgongoni, maji umepoteza, chumvi umepoteza, na joto liko palepale. Feni inasaidia kwasababu inafukuza ile hewa nzito iliyoganda kwenye ngozi.

Nikienda Njombe nakojoa kila saa, ni figo?

Hapana, ni baridi. Damu inakimbia ngozi inarudi katikati, mwili unadhani maji yamezidi, figo zinayatoa, na jasho nalo hamna. Ila kama unakojoa hivyo hata ukirudi kwenye joto na kiu haikatiki, kapime sukari.

Nafunga kuanzia daku mpaka magharibi, sukari haiishi kwenye damu?

Ini lina akiba. Sukari ikianza kushuka kongosho linatoa homoni ya glukagoni, ini linafungua ghala polepole, ukifuturu insulini inaingia kazini kurudisha ghalani. Mtu mzima wa afya akiwa hajala sukari yake inakaa kama 70 hadi 100 kwenye vile vipimo vya miligramu kwa desilita ya damu, na haipotei kirahisi. Anayejichoma insulini ni habari nyingine kabisa, dawa ukishaichoma haijui kama umefunga, huyo aongee na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Nikibana pumzi, ni oksijeni imeisha ndo nashindwa?

Watu wengi wanadhani hivyo. Kumbe kinachokulazimisha uvute ni kabonidaioksaidi kujaa kwenye damu, oksijeni bado ipo. Nyie vijana wa kupiga mbizi mnaohema harakaharaka kwanza ili mkae chini muda mrefu, mnachofanya ni kuitoa ile kabonidaioksaidi tu, kengele inachelewa kulia, oksijeni inaisha kimyakimya na mtu anazimia akiwa ndani ya maji.