Shangazi Anajibu: Embe na homa

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kila msimu wa maembe mwanangu anaugua malaria. Mama mkwe anasema ni maembe. Nimkataze? – Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilipokuwa mdogo, bibi yangu alininyang'anya embe mkononi, utomvu ukinichuruzika hadi kiwikoni. Bibi aliona sawa: maembe yakija, homa nazo zinakuja. Alikosea tu kumtaja mwenye kosa.

Vuli ikinyesha, maji yanatuama kwenye madimbwi, mbu wanataga humo, na baada ya wiki moja au mbili wanaruka. Mbu jike wa aina ya anofelesi akimuuma mgonjwa, vimelea vya malaria hukua mwilini mwa mbu huyo siku kumi hivi au zaidi, ndipo amwambukize mwanao. Jumlisha wiki hizo, utajikuta kwenye maembe. Embe na homa wanakutana njiani, hawakutumana.

Wazungu nao walilaumu hewa mbaya, na ndiyo maana ya neno malaria, mpaka daktari Mwingereza Ronald Ross alipoviona vimelea hivyo tumboni mwa mbu, India, mwaka 1897.

Mwache mtoto ale embe. Alale ndani ya chandarua, na homa ikimshika, akapimwe siku hiyo hiyo.