Mkao kwanza: maswali ya wazazi wa Tanga kuhusu mtindio wa ubongo

Ninapoingia nyumba yenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia ukiwa bado unakua, kitu cha kwanza ninachotazama ni alivyokaa. Ndiyo maana majibu yangu ya safari hii yanarudi hapo kwenye mkao.

Mwanangu ana miaka mitatu. Namlaza mapajani nikimpa uji, na kila mara anapaliwa, mwingine unatokea puani. Nakosea wapi? – Mama, Ngamiani

Dada yangu, ni huko kumlaza. Kichwa kikiegemea nyuma, uji hupotea njia ukaingia kwenye mapafu. Watoto wetu wengi wanaorudiwa na nimonia huanzia hapo, na nyumbani tunasema tu ana kifua.

Mkalishe wima, kidevu kishuke kidogo. Kaa mbele yake, macho yenu yalingane, na kijiko kitokee mbele, kisitokee juu. Uji uwe mzito, maana vitu vyepesi kama maji ndivyo vinavyompalia zaidi. Mpe kidogo, ngoja ameze, ndipo umpe tena. Akimaliza, akae wima nusu saa kabla ya kulala. Najua mlo utachukua muda mrefu na una kazi nyingine, kwa hiyo mfundishe na baba yake, na dada zake wakubwa pia. Lakini kama bado anakohoa kila mlo, anakonda, au homa zinarudi, mpeleke hospitali ya Bombo aonwe.

Sasa, atakaaje wima na shingo haijakaza? Mtengenezee kiti cha kona: migongo miwili inayokutana kama pembe ya ukuta, mabega yakaja mbele, na kizuizi laini katikati ya mapaja asiteleze. Seremala wa mtaani anakiweza. Hata maboksi yanafaa. Huko Zimbabwe, mwalimu Bevill Packer alifundisha watu kutengeneza samani kwa maboksi na karatasi chakavu zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga. Siri yake ni kukausha vizuri na kupaka rangi au vanishi, maana mkojo ukiingia kiti kimekwisha.

Tumepewa kitimwendo cha msaada. Ni kikubwa, kijana wetu wa miaka saba anaporomoka ndani yake, na mchanga wa huku unakikamata. Tukiuze? – Baba, Pangani

Msikiuze bado, kaka. Kosa ni kwamba mlikabidhiwa kiti bila mtoto kupimwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto apimwe, kiti kirekebishwe, na familia ifundishwe kukitumia na kukitunza.

Mpime mwenyewe kwanza. Upana wa kiti ulingane na nyonga zake. Kina kiishie vidole viwili au vitatu kabla ya nyuma ya goti. Nyayo zikanyage, zisining'inie. Penye nafasi jaza sponji ngumu iliyoshonewa kitambaa, na chini ya miguu weka ubao. Mkanda upite kwenye nyonga, kwa sababu nyonga ikitulia mgongo nao unatulia. Ukifungwa tumboni, atateleza chini yake. Kila jioni kagua ngozi ya makalio, na ukiona wekundu usiofutika, asikalie hapo mpaka upone. Kama mgongo wake umeanza kupinda, marekebisho haya hayatoshi, atafutiwe fundi aliyesomea. Chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha kazi hiyo.

Kuhusu mchanga, yanayozama ni yale magurudumu madogo ya mbele. Geuza kiti umvute kinyumenyume. Na tairi, spoki na bearingi msihangaike navyo: Tanga ni mji wa baiskeli, mafundi wake wanaviweza.

Kumchua kwa nguvu na mafuta ya moto kunanyoosha mguu uliokaza? – Mama, Mabawa

Hapana, kunamuumiza, na misuli yenye maumivu hukaza zaidi. Nyoosha polepole, bila kulazimisha.

Watu wanasema mama wa mjukuu wangu alitupiwa jini. Na je, mtoto atapona? – Bibi, Muheza

Shikamoo bibi. Hakutupiwa kitu. Ubongo wa mtoto uliumia ukiwa bado unakua. Wengine huzaliwa kabla ya siku zao, wengine hukosa hewa wakati wa kuzaliwa, wengine hupata manjano kali au homa ya uti wa mgongo, na wengine malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki, wala halifutiki. Kinachobadilika ni mwili, na huo mnaweza kuusaidia. Bibi, neno lako lina uzito nyumbani kuliko langu. Waambie mbele ya wote kwamba mama huyu hana kosa, kisha mshikie mtoto siku moja kila wiki ili mama alale. Mgongo wake umechoka.

Mtoto wa kaka yangu ana miaka tisa, haongei. Shule moja ilimkataa, ikasema haelewi. Lakini ikiadhiniwa magharibi anatazama mlango, anajua baba yake anarudi. – Shangazi, Makorora

Shangazi, hapo umeshajibu mwenyewe. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne wenye mtindio wa ubongo hawezi kuongea, na takriban nusu yao wote hawana ulemavu wa akili. Kinywa kukaa kimya si kipimo cha akili.

Anza na ndiyo na hapana: akitazama juu ni ndiyo, akifumba macho ni hapana, na nyumba nzima ifuate hivyo hivyo. Kisha bandika picha kwenye ubao mwepesi: maji, choo, naumwa, nje. Msisahau "sitaki", maana mtoto asiye na namna ya kukataa hubaki kulia tu. Akiwa amekaa vizuri, mwonyeshe, halafu hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kumsaidia. Wengi wetu hatungoji. Baadaye, simu inaweza kurekodiwa sauti ya binamu yake wa rika lake, imsemee.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri pamoja na mtoto na ubao wake, ajibu mwenyewe mbele yao. Na picha ya kwanza mtakayobandika iwe ya mlango, kwa kuwa hilo tayari analisema.