Kabla ya Kuuchora Mji wa Lamu, Utungie Ubeti

Kwa miaka kadhaa nilijiona mpenzi mkubwa wa Lamu, nami niliuchora mji huu kama wanavyouchora vijana wengi wanaoanza: majahazi yametweka matanga, punda mmoja gatini, na jua likizama nyuma ya kisiwa cha Manda. Wageni walinunua. Hakuna aliyeniuliza jua linazamaje nyuma ya Manda ilhali huko ndiko linakochomoza, na mimi mwenyewe, mzaliwa wa mtaa wa Langoni papa hapa Lamu, nilikuwa nimeacha kulitazama.

Aliyenizindua ni mzee mmoja mchongaji wa milango, aliyesimama mbele ya picha yangu ya mlango wa mtaa wa Mkomani, akaikagua kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mlango wako huu haufunguki." Nilikuwa nimeuchora mfaa, ule mti wa katikati wenye nakshi, kana kwamba umepigiliwa kwenye mbawa zote mbili. Mfaa hukaa kwenye ubawa mmoja tu na kuufunika mwanya, ndiyo maana ubawa wa pili hauna budi kutangulia kufunguka. Nakshi nilizipata sawasawa, hata maua. Mlango wenyewe sikuupata.

Kwa hiyo kijana anayetaka kuuonyesha mji huu mapenzi yake kwa brashi namshauri aiweke brashi chini kwanza, atunge. Utenzi humpa mizani nane tu katika kila mshororo, na katika nafasi finyu kiasi hicho mandhari yote ya pwani hayaenei. Itambidi achague kitu kimoja na akijue kinavyofanya kazi. Mimi niliurudia mlango ule, nikakaa barazani siku tatu, nikautungia hivi:

Ubawa hutanguliya
mfaa ukangojeya
mgeni akaingiya
kwa salamu na heshima

Ndipo nikachora upya: ubawa mmoja uko wazi, giza la tekani, ule ukumbi wa kuingilia nyumbani, linaonekana nyuma yake, na nakshi nyingi zimemezwa na kivuli.

Kuhusu rangi nina neno moja. Usidhani kwamba kopo la rangi nyeupe litakupa chokaa. Kuta zetu ni za matumbawe yaliyopigwa lipu ya chokaa, na katika vichochoro vyembamba jua hufika chini kwa muda mfupi tu adhuhuri. Saa nyingine ukuta huelekea usamawati, na kule chini, unyevu na chumvi vinakopanda, huwa manjano iliyochujuka.

Washairi wetu waliyajua haya zamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuulilia mji wa Pate ulioanguka katika shairi lake Al-Inkishafi, alituingiza ndani ya nyumba akatuonyesha vidaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa sahani, sasa vimelaliwa na makinda ya ndege. Kidaka kimoja kile nakiona waziwazi kuliko majahazi yangu yote.

Mji mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni wanaokuja kuuona hupenda picha ndogo ya kuingia begini. Wachoree, sikulaumu, maana mchoraji naye hula. Ila jua lizamishe panapostahili.

Picha yangu ya pili ya mlango sikuiuza. Mzee aliitazama, akausukuma ule ubawa kwa kidole hewani, kisha akaniambia kwamba fremu yake ataitengeneza yeye.