Mashine ya kuchomelea nyumbani: ogopa kile kisichouma saa hiyo

Dogo wa Pasua, swali lako nimelielewa hivi: umenunua inveta, yaani mashine ndogo ya umeme ya kuchomelea, ya ampea 200, unataka kuanza grili na mageti nyuma ya nyumba hapo Moshi, hela iliyobaki ni ndogo, na fundi mmoja amekuambia miwani nyeusi na nusu lita ya maziwa kila siku vinatosha kukukinga, nawe unauliza kama ni kweli na ununue nini kwanza. Halafu kuna jirani anasubiri umzibie tangi la pikipiki. Tangi nitalifikia mwisho, ingawa ndilo lililonifanya nikae niandike.

Mimi nilijifunzia VETA hapohapo Moshi, nikahamia Arusha, na kwa miaka mingi nimekuwa mtaa wa Unga Limited, kwanza kwenye mageti, siku hizi zaidi kwenye bodi za magari ya utalii. Vijana wanaoanza huogopa cheche. Cheche inauma papo hapo, unaruka, unasugua mkono, unaendelea. Lakini vingi vinavyomlaza fundi havimuumi akiwa kazini. Vinasubiri afike nyumbani, avue viatu, ale. Kwa hiyo ukifunga kazi jioni huna jeraha hata moja, usijipongeze mapema.

Macho ndiyo mfano wa wazi. Ule mwanga una mionzi ya urujuanimno, na mionzi hiyo huunguza konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Maumivu huanza saa 6 hadi 12 baadaye. Umechomelea saa tisa alasiri, usiku umekula vizuri, umelala, saa nane unaamka kama umemwagiwa mchanga machoni. Machozi yanatiririka, hata mwanga wa simu hauvumiliki. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja hadi tatu, na ndiyo maana kila mtu ana dawa yake anayoisifu: kipande cha kiazi mbichi, majani ya chai, maziwa ya mama anayenyonyesha. Yangepona hata bila hivyo, ila sasa umeweka uchafu juu ya jicho lililochubuka. Lala chumba chenye giza, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope ulizofumba, meza dawa ya kawaida ya maumivu. Matone ya ganzi usiyatumie nyumbani hata ukiyapata. Yanachelewesha jicho kupona na yanakuficha hali ikiwa inazidi kuharibika. Siku mbili zikipita huoni nafuu, au ukihisi kuna chembe ya chuma imeingia, nenda hospitali. Uko Moshi, KCMC wana idara ya macho inayotegemewa na kanda nzima.

Miwani nyeusi ya jua ina giza la namba 2 au 3 hivi. Kwa rodi (kile kijiti kinachoyeyuka kuunganisha chuma) ya milimita 2.5 kwenye ampea 70 au 80 unahitaji kioo namba 10, na ukipanda kwenye rodi ya 3.2, ampea 110 na kuendelea, 11 ni nzuri zaidi. Hiyo miwani inaacha pembeni wazi, na uso mzima na shingo vinaungua. Nunua ngao ya uso yenye kioo cha kawaida kisichobadilika. Zile helmeti zinazojigeuza giza zenyewe ni nzuri na mimi ninayo, lakini kijicho chake kikizibwa na mkono au bomba hazigeuki, na mwanafunzi huanza kuziamini kabla hajajua kujiweka vizuri.

Na yule saidia fundi anayekushikia flatibaa, kile chuma bapa, huku amegeuza uso pembeni? Huyo mara nyingi ndiye anayekesha. Mwanga unamwingia kwa ubavu, na ukuta uliopakwa chokaa unaurudisha. Nunua ngao mbili, au tumia kibano kushika chuma. Watoto wa majirani lazima watakuja kutazama, kwa hiyo tundika turubai kabla ya kuwasha mashine. Kuwafukuza hakusaidii, watarudi.

Sasa maziwa. Hapa ndipo nakataa kabisa ushauri uliopewa. Ukichomelea chuma chenye zinki, yaani bomba za maji, mabati, na zile nguzo za fensi zinazong'aa, zinki inachemka kwenye nyuzi 907 tu, chini sana ya joto linaloyeyusha chuma. Inapaa ule moshi mweupe mzito na kuacha unga mweupe kando ya mshono. Ukiuvuta, mchana hujisikii vibaya, labda utamu wa chuma mdomoni. Jioni au usiku homa inaingia: baridi, kutetemeka, viungo kuuma, kiu, kikohozi. Kesho yake au kesho kutwa imeisha.

Sasa niambie, mtu wa Moshi au Arusha akipata dalili hizo atasema ana nini? Kijana niliyefanya naye kazi ya nguzo za fensi huko Njiro alimeza dawa ya malaria bila kupima, asubuhi ya pili akawa mzima, akaisifu dawa. Kazi nyingine ya nguzo, homa ileile, dawa ileile. Usifanye hivyo. Ukipata homa nenda kapime, kwa sababu inaweza kuwa malaria kweli, na mwambie daktari umechomelea nini siku hiyo. Kifua kikibana na pumzi ikawa fupi, usingoje asubuhi.

Maziwa yanaenda tumboni, moshi unaenda mapafuni. Hawakutani. Kinachosaidia ni kuisugua zinki kwa grenda upana wa vidole vitatu au vinne kila upande wa mshono, ukiwa nje na umevaa barakoa, kisha kuchomelea upepo ukiwa unatokea ubavuni kwako. Upepo ukitokea mgongoni moshi unazunguka mbele ya kifua chako na kupanda usoni. Rangi ya zamani nayo isugue. Barakoa iwe ile ya kuchuja vumbi laini, daraja la P2 au FFP2. Ya kitambaa na ile ya hospitali hazizuii moshi huu. Mwezi wa saba kule Arusha karakana nyingi hufunga milango kwa ajili ya baridi, na ukiingia saa tano humwoni fundi kwa moshi. Hata chuma kisicho na zinki hakiko salama: mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa kuchomelea kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hiyo huchelewa kuliko yote.

Umeme hauna subira. Soketi ya nyumbani ni ya ampea 13. Kwa rodi ya 2.5 inveta itavuta kama ampea 10 hadi 14 kutoka ukutani, kwa hiyo uko ukingoni tayari. Ukitumia rodi ya 3.2 kwenye ampea 120, inavuta 15 hadi 22 kulingana na ubora wa mashine, na hapo plagi inaanza kunuka. Usiibadilishe plagi uweke waya moja kwa moja kwenye soketi. Mwite fundi umeme akuvutie laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, waya wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32, na kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampea 30. Ethi ya nyumba aipime, asiitazame tu. Ekstensheni ya kuzungusha uikunjue yote hata kama kazi iko mita tatu. Ikiwa imeviringwa inapika maganda yake yenyewe.

Kwenye holda, kile kishikio cha rodi, mashine ikiwa imewaka lakini huchomelei kuna volti 60 hadi 80 hivi. Mikono mikavu na glavu kavu, huenda usihisi kitu. Masika, umepiga goti kwenye udongo wenye maji, shati limelowa jasho, unabadilisha rodi kwa mkono mtupu: volti hizohizo zinaua. Simama kwenye ubao mkavu, weka glavu za akiba ndani, na mvua ikianza zima. Mtu akinaswa usimshike, kata umeme kwenye swichi kwanza. Kwa hiyo kila anayekaa hapo nyumbani, hata bibi, ajue swichi iko wapi. Umefanya vizuri kununua inveta badala ya zile mashine za kienyeji ambazo mafundi husuka nyaya zake wenyewe kwenye fremu ya mbao, zenye nati za umeme nje nje. Zile mimi siziwashi.

Moto nao ni mvivu wa kuanza. Cheche za kuchomelea na za grenda zinafika mita 10, zinaingia ufa wa mlango, gunia, maranda. Nimeona gari la utalii ambalo kazi ya paa ilikuwa imekwisha, watu wakaenda kula, wakarudi kukuta sponji ya kiti inafuka. Kwa hiyo kazi ya mwisho ya siku iishe saa moja kabla hujaondoka, na katika saa hiyo fagia, panga vyuma, pita unanusa. Ndoo ya mchanga na ya maji ziwe karibu, ya maji ukiitumia umeme uwe umekatwa. Namba ya zimamoto ni 114.

Ukianza kupata kazi za magari, fungua nyaya zote mbili za betri, na kibano cha ethi, kile cha waya wa pili wa mashine, ukibane karibu kabisa na unapochomelea. Ukikibana mbali umeme utatafuta njia kupitia beringi za magurudumu au vifaa vya elektroniki, na bili yake hutaipenda. Ukisafisha chuma kwa dawa ya kupuliza ya breki, soma kopo: zenye klorini zikikutana na ule mwanga hutoa gesi ya sumu iitwayo fosijini, ambayo nayo huweza kukuacha ukijiona mzima kwa saa kadhaa kabla mapafu hayajajaa maji. Tumia sabuni na maji, kausha.

Grenda imetoa damu nyingi kuliko mashine yenyewe katika karakana nilizopita, na chanzo karibu kila mara ni kilekile: mtu kaondoa kava ili aingize diski ya inchi 7 kwenye grenda ndogo. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi 7 imetengenezwa kuvumilia kama 8,500. Itapasuka, na wewe uko mbele yake. Kwenye pete ya chuma katikati ya diski kuna tarehe ya mwisho wa matumizi. Wauzaji wengi hawaitazami, itazame wewe. Vaa miwani angavu chini ya ngao, maana ukiinua ngao ili kugonga ganda la mshono ndipo vipande vinaruka.

Nguo: pamba au ngozi. Nenda Memorial kwenye mitumba, tafuta ovaroli ya pamba na koti la zamani la ngozi. Poliesta huyeyukia mwilini. Suruali isikunjwe miguuni, cheche inatua humo. Yeboyebo acha mlangoni. Ukiungua, maji baridi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno ni ya meno.

Kwa hela kidogo, mimi ningenunua ngao ya uso yenye kioo sahihi na glavu za ngozi leo, kisha laini ya umeme kabla ya kazi ya kwanza ya mteja, kisha barakoa na turubai. Buti za maana zifuate malipo ya kwanza. Grili za ndani zisizo na zinki ni kazi nzuri ya kuanzia.

Tangi la jirani: mwambie hapana. Atakuambia limekaa wiki nzima tupu, tena ameliosha kwa Omo. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli hushika moto ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na kiasi hicho hutolewa na matone machache tu. Matone hayo hujificha ndani ya kutu na kwenye mikunjo ya mishono ambako maji ya sabuni hayafiki, na joto lako ndilo linayatoa. Wapo mafundi wanaojaza maji, wapo wanaopitisha moshi wa ekzosi, na wengi wamefanya hivyo wakabaki wazima, ndiyo maana wanakufundisha. Mimi sifanyi, na pipa lililowahi kuwa na dizeli au oili nalo siligusi. Kuna gundi ya epoksi ya matangi kwenye maduka ya spea, inaziba tobo dogo bila moto wowote. Tobo likiwa kubwa, tangi la mtumba linapatikana.